Mtamba Mwenye Nambari Timilifu

Mtamba aliyeletwa kwa mahari ya mjukuu wangu Nkirote alikuwa mzuri kuliko ng'ombe yeyote aliyewahi kupanda mlima wetu, na hilo hata ndugu yangu Kailemia hakulikana. Alikuwa na rangi ya udongo wa kwao Kiambere, nundu imesimama, na macho matulivu ya mnyama aliyekwisha kuona ukame na kuuzoea. Shida ilikuwa sikioni. Sikio lake la kushoto lilivaa hereni ya plastiki ya manjano, na juu ya hereni hiyo palikuwa pameandikwa kwa wino usiofutika: 33550336.

Huko Kiambere, karibu na lile bwawa la umeme, ng'ombe wengi walivishwa hereni za namna hiyo wakati wa chanjo. Nyamu, kijana aliyekuja kuoa, alitueleza kwamba ng'ombe asiye na hereni harudishwi kundini bila maswali, na kwamba anayejaribu kuing'oa hung'oa na kipande cha sikio. Na mnyama mwenye sikio lililochanika hapokelewi kwa mahari, si kwetu wala si kwao. Kwa hiyo mtamba na nambari yake walikuwa kitu kimoja.

Mimi ni Gitobu. Nilijenga kwa mawe maduka mengi unayoyaona Laare, na nilipokuwa mtu mzima mwenye watoto nilisoma ngumbaru, jioni baada ya jioni, mpaka nikapita pale walipokomea wengi waliosoma mchana. Siku hizi sijengi, nasoma. Nina kitabu cha hesabu kisicho na jalada nilichonunua mjini Maua, na naamini nimekisoma mara nyingi kuliko mtu aliyekiandika. Nkirote ni mtoto wa binti yangu Angeline, lakini nimemlea mimi na mke wangu Ciakuthii, kwa hiyo mahari yake ilikuja katika boma langu. Alisoma chuo kikuu pale Nchiru, na pale pale akamkuta Nyamu akitengeneza simu katika kibanda kilichotazamana na hosteli. Mwaka ule simu ya Nkirote iliharibika kuliko simu yoyote inavyoweza kuharibika.

Ndoa ilikuwa imekwisha kutangazwa kanisani. Kilichobaki ni wanyama kuingia zizini. Katika nyumba yetu mambo huenda hivi: mdogo wa mwenye boma ndiye anayevuta kipingo cha zizi, ule mti unaofunga mlango, si mwenye boma mwenyewe. Mnyama wa mahari akikanyaga ndani, binti ameposwa. Lakini hata mmoja wao akigeuzwa mlangoni akarudi kwao, posa imekufa, na hata kama nguo za arusi zimeshonwa, hazivaliwi.

Mdogo wangu ni huyo Kailemia. Hununua miraa kwa wakulima na kuwauzia wafungashaji wa Laare, mtu mwenye akili timamu, lakini ana ugonjwa mmoja: hujumlisha tarakimu. Akisimamisha boda boda hujumlisha kwanza nambari ya pikipiki, na jumla ikiwa saba, au mafungu ya saba, huenda kwa miguu hata kama mvua inanyesha. Wazee waliotulea hawakuipenda saba. Ilikuwa ya waganga na ya laana, na mtu mwenye mbuzi saba alisema ana sita na mwingine. Wengi wetu tuliiacha hofu hiyo kwenye mlango wa kanisa. Kailemia aliingia nayo ndani.

Basi wageni walifika. Nyamu alikuja na mjomba wake Ngari, msemaji wa upande wao, mzee mwembamba mwenye shingo ndefu, pamoja na wanawake waliobeba asali. Walikuwa na mtamba, na nyuma yake kondoo jike asiye na hereni ambaye hakuna aliyemtazama. Kwa kuwa Kimeru chetu na Kimbeere chao husikilizana nusu tu, tulikubaliana kusema Kiswahili, nami nilifurahi, kwa sababu Kiswahili nakijua. Wageni walipewa uji. Ngari alipewa fungu la miraa akalishika kama mtu aliyepewa maua. Ciakuthii alikuwa jikoni anaponda viazi na mahindi ya mukimo. Mtamba alifungwa kando ya tangi la maji, na Kailemia akaweka mkono mmoja juu ya kipingo.

Kabla ya kuvuta, ilimpasa amkague mnyama. Akatazama meno, kwato na chuchu, akawa anatikisa kichwa kwa kuridhika. Alipofika sikioni nikaona midomo yake inaanza kutembea, nami nikajua tumekwisha.

"Ishirini na nane," akasema.

Wageni walingoja waambiwe ishirini na nane ya nini. Kailemia akaondoa mkono kwenye kipingo.

"Tatu na tatu, tano na tano, sufuri, tatu na tatu, sita. Ishirini na nane. Ni saba nne. Huyu ng'ombe ana miguu minne na kila mguu una saba yake."

Ngari aliweka chini kikombe cha uji. "Wakwe," akasema polepole, "mimi nimeleta ng'ombe. Sikuleta sikio."

Kailemia alimjibu kwamba sikio limekuja lenyewe. Ngari akauliza kama watu wa mlimani hukamua maziwa masikioni. Kailemia akasema watu wa mlimani hutazama mnyama mzima, labda huko chini kwenye jua kali watu hutazama nusu. Wakaendelea hivyo kwa heshima kubwa, kila mmoja akimwita mwenzake mkwe, mpaka wale wanawake wa asali wakaanza kufunga leso zao upya kama watu wanaojiandaa kuondoka.

Nyamu alinijia pembeni. Alisema ukame ulimwachia mtamba mmoja tu, ndiye huyu, na kwamba mjomba wake si mtu wa kugonga mara ya pili mlango uliomkataa. Nkirote naye alikuwa amesimama karibu na tangi, mikono imekunjwa kifuani.

"Babu," aliniambia, "mimi ndiye ninayeolewa, si huyo ng'ombe. Mwambie babu mdogo afungue."

Sikuweza kumwamuru. Kaka anayevuta kipingo mbele ya mdogo wake amevunja nyumba kwa mkono wake mwenyewe. Lakini niliona kwamba kilichofunga zizi lile si mila. Ni hesabu, tena hesabu mbaya, na katika boma lile hapakuwa na mtu wa hesabu isipokuwa mimi. Nikaingia ndani nikatoka na chaki.

Tangi langu ni la plastiki, jeusi, refu kunishinda, na sijaona ubao wa darasa unaolizidi. Niliandika 33,550,336 kwa tarakimu kubwa, nikawageukia wageni na wenyeji. Niliwaeleza kwamba kujumlisha tarakimu hukupa habari za tisa, hakukupi habari za saba hata kidogo. Anayetaka habari za saba agawanye kwa saba. Nikagawanya mbele yao, tarakimu baada ya tarakimu, kwa sauti, kama tulivyofundishwa. Nilipata 4,792,905, na ikabaki moja.

"Mmeona," nikasema. "Saba imejaribu kuingia katika nambari hii ikashindwa. Imebaki moja."

Nilidhani nimemaliza. Kailemia aliitazama ile moja kwa muda mrefu.

"Hiyo moja inayobaki," akauliza, "ni nani?"

Watu wote wakamtazama Nkirote. Hakuna aliyewaambia wamtazame. Mwanamke mmoja wa Kiambere alishusha pumzi na kusema maskini, na Kailemia akatikisa kichwa kama daktari ambaye kipimo kimemthibitishia. Binti atakayebaki nyumbani peke yake alikuwa ameandikwa kwa chaki kwenye tangi la babu yake, tena kwa mwandiko wa babu yake. Nilikuwa nimeongeza shida juu ya shida.

Nilisimama pale na chaki mkononi, nikiitazama ile ishirini na nane ya Kailemia kwa hasira. Ndipo kitabu changu kikanijia kichwani. Ishirini na nane si nambari ya kudharau. Chukua nambari zote zinazoigawa bila kubakiza: moja, mbili, nne, saba, kumi na nne. Zijumlishe. Unapata ishirini na nane yenyewe. Sita nayo ni hivyo: moja, mbili na tatu ni sita. Nambari kama hizo kitabu kinaziita timilifu, kwa sababu sehemu zake zikikusanywa hurudisha nambari nzima, bila kupungua, bila kuzidi. Ni chache mno. Baada ya sita na ishirini na nane, inayofuata ni 496, kisha 8,128, kisha unatembea jangwa refu hadi unafika mamilioni. Na kule kwenye mamilioni, ukurasa wenyewe ulikuwa na doa la chai, kuna moja yenye tarakimu nane inayoanza na tatu mbili na tano mbili.

Lakini mtu aliyesoma hategemei doa la chai. Ilibidi nithibitishe.

Nikaanza kuikata katikati. 16,775,168. Katikati tena. 8,387,584. Niliandika kuzunguka tangi, nambari chini ya nambari, na watu wakanifuata wakizunguka nami, Kailemia mbele na Ngari nyuma yake, kila mmoja akihakiki kwa kukunja vidole. Ilikatika, ikakatika, mpaka ikafika 8,191 ikakataa. Hiyo si shufwa.

Sasa ilikuwa lazima nijue kama kuna nambari nyingine inayoigawa 8,191. Nambari isiyogawika ila kwa moja na kwa yenyewe, kitabu changu kinaiita nambari tasa. Neno hilo nililimeza. Huwezi kutamka tasa mbele ya wakwe huku umemwelekezea mtamba chaki. Nikasema tu kwamba naipima ukaidi. Nikaijaribu kwa tatu, kwa tano, kwa saba ikabaki moja, kwa kumi na moja, kwa kumi na tatu ikabaki moja tena, nikapanda hivyo hadi themanini na tisa, iliyobakiza tatu. Kupita hapo hapakuwa na haja, maana tisini na moja mara tisini na moja imekwisha kuipita. Mukimo ulipoa. Ciakuthii alitokeza mlangoni mara kadhaa akarudi. Hakuna mgeni aliyeondoka. Nafikiri walitaka kujua ng'ombe wao ni nani.

Niliandika sehemu zote. Kwanza zile ndogo: moja, mbili, nne, nane, kumi na sita, hadi 4,096. Kisha zile kubwa, kuanzia 8,191 hadi ile nusu ya kwanza. Nikamkabidhi Kailemia zile ndogo azijumlishe mwenyewe ili asiseme nimemlaghai, nami nikashika kubwa. Zangu zilifika 33,542,145. Zake alisema ni 8,183.

Haikutosha. Ilipungua nane. Nikazirudia zangu, zilikuwa sawa. Kailemia akazirudia zake, 8,183.

"Babu," akasema Nkirote, "mtazame ulimi."

Mtamba, aliyefungwa pale pale, alikuwa akilamba tangi. Ng'ombe wa nyanda kavu hupenda chumvi na chokaa, na ulimi wake ulikuwa mweupe kama uji. Pale palipokuwa na nane palikuwa na maji tu.

"Amekula nane yake," Kailemia akasema. "Mmeona wenyewe. Ng'ombe anayejipunguza."

Nilirudisha nane mahali pake, juu kidogo. Kailemia akajumlisha kwa mara nyingine, akapata 8,191, ambayo ni ile ile iliyokataa kukatwa. Nikaiweka juu ya 33,542,145. Nikaandika jibu polepole, kwa sababu nilitaka lionekane likija.

33,550,336.

Asali ilikuwa imewekwa chini. Nyamu alianza kupiga makofi, akaona yuko peke yake, akaacha. Mimi nilisema kwamba mnyama huyu hana saba mwilini mwake, hana baya lolote, na kwamba kati ya ng'ombe wote waliovishwa hereni katika nchi hii huenda hakuna mwingine mwenye nambari kama hii. Ni nambari timilifu. Kailemia alitazama juu, akatazama chini, akazunguka tangi peke yake. Kisha akarudi mlangoni na kuweka mkono juu ya kipingo, na Nkirote akaikunjua mikono yake.

Hapo Ngari akaomba kusema.

Alisimama akavua kofia. Akasema watu wa Kiambere wamesafiri tangu alfajiri, wakaambiwa ng'ombe wao ni wa laana, na hawakujibu vibaya. Sasa Mzee Gitobu, mtu aliyesoma, amewasomesha mpaka wakaelewa. Sehemu zote za ng'ombe zimewekwa. Hakuna iliyopungua, hakuna iliyozidi.

"Nashukuru sana," akasema. "Kama ng'ombe wetu ametimia, basi sisi tumemaliza mahari."

Akavaa kofia yake akaketi.

Mtu wa mbali hawezi kujua uzito wa maneno hayo. Kwetu hakuna anayemaliza mahari. Unaweza kuleta ng'ombe na kondoo na asali mpaka kichwa chako kiwe cheupe, lakini lazima kitu kibaki, hata mbuzi mmoja, ili mkwe awe na sababu ya kurudi, na binti awe na njia ya kuja nyumbani bila kuulizwa amefuata nini. Anayemaliza amenunua. Kwao Mbeere ni vivyo hivyo, na Ngari alilijua hilo kama ajuavyo jina la mama yake. Alikuwa akilipiza sikio.

Kailemia hakuondoa tu mkono. Aliketi juu ya kipingo.

"Mkubwa wangu," akaniambia, "kwanza ng'ombe alikuwa mbaya, sasa ni mzuri mno. Umemuuza mtoto wetu kwa chaki."

Nilisema nitafuta tangi. Nilikwisha kushika kitambaa. Ngari akaniuliza, kwa upole, kama nikifuta nambari hiyo itaacha kuwa timilifu. Nikakishusha kitambaa.

"Haitaacha," nikajibu.

"Hata mvua ikinyesha?"

"Hata mvua ikinyesha. Ilikuwa hivyo kabla ya ng'ombe kuwako."

Wageni walianza kusimama. Mwanamke mmoja alinyanyua kibuyu cha asali, na asali ikinyanyuliwa haiwekwi chini tena kwa urahisi. Nyamu alimwomba mjomba wake ageuze maneno, lakini Ngari alisema neno si lake, ni la mwalimu. Nkirote akaja akasimama mbele yangu, karibu kabisa, akanishika kifundo cha mkono wenye chaki.

"Babu, sema ulikosea," akasema. "Sema ile nane hukuirudisha vizuri. Ni nani atakayejua?"

Mimi ningejua. Nimeishi kwa mambo mawili, mawe na hesabu, na katika yote mawili kazi yangu ilikuwa kuhakikisha kwamba kilichonyooka kimenyooka. Kukana jumla iliyo sahihi, mbele ya watu, kwa Kiswahili, ilikuwa kama kuambiwa nibomoe ukuta kwa sababu umesimama. Lakini mjukuu wangu alikuwa amenishika mkono, na mtamba alikuwa anafunguliwa kamba. Nilifungua mdomo. Nakiri ningesema.

Ciakuthii alitoka jikoni na mwiko mkononi. Alikuwa amesikia kila kitu, maana jiko na tangi vinatazamana.

"Baba Angeline," akasema, "ulipokuwa ukijumlisha, yeye mwenyewe ulimweka?"

Nilimuuliza nani.

"Huyo mwenye jina. Hiyo milioni thelathini na tatu. Si inajigawa yenyewe mara moja bila kubakiza? Mbona sikuisikia ukiitaja?"

Nilimweleza kwamba yenyewe haiwekwi. Ndiyo sheria. Sehemu zote huhesabiwa isipokuwa nambari yenyewe, ambayo hukaa nje ikingoja jibu. Ukiiweka ndani pamoja na sehemu zake, jumla inaruka hadi 67,100,672, na hapo hakuna utimilifu wowote.

"Kwa hiyo akiingia ndani, hajatimia."

"Hajatimia."

"Na akikaa nje?"

"Akikaa nje, ametimia."

Ciakuthii akafuta mwiko kwa aproni, akamwendea yule mwanamke wa asali, akakitwaa kibuyu mikononi mwake na kukirudisha kivulini. Kisha akaitwaa kamba kwa Nyamu.

"Basi wakwe," akasema, "huyu msimpeleke zizini, wala msimrudishe kwenu. Watu wa kalamu na chaki wamesema mahali pake ni nje. Nitamfunga kwenye migomba yangu, kule nyuma ya jiko. Huyo ni mgeni wangu, ametimia, hana kasoro, na si mahari. Mahari bado mtamba mmoja."

Nilifuata kila hatua ya hoja ile nikitafuta ufa. Sikuuona. Ngari naye aliutafuta. Niliona shingo yake ndefu ikipinda. Ng'ombe wake alikuwa hajakataliwa, alikuwa amesifiwa kuliko ng'ombe yeyote aliyewahi kutolewa, na mahari ilikuwa imepungua, yaani iko salama. Kama angebisha, angebisha dhidi ya sifa yake mwenyewe. Akacheka kidogo, puani.

"Na huyu mke wako alisoma wapi?" akaniuliza.

Nilimwambia kwamba mimi nilipokuwa narudia masomo yangu kwa sauti, yeye alikuwa chumbani humo humo.

Alibaki Kailemia, ameketi juu ya kipingo, akisema polepole kwamba mnyama hajaingia na hajarudi, na kwamba katika mambo yote ya nyumba yetu hajawahi kusikia mnyama wa namna hiyo, wala hajasikia aliyekatazwa. Mtamba alipita mbele yake akielekea migombani, ulimi bado mweupe. Kailemia alimtazama mpaka alipopotea nyuma ya jiko. Kisha akamwona kondoo jike, amesimama peke yake kama siku nzima alivyosimama.

"Huyu hana nambari?" akauliza.

"Hana," akasema Nyamu. "Ni kondoo tu."

Kailemia akainuka, akavuta kipingo, kondoo akaingia. Nkirote aliniachia mkono. Tulikula mukimo baridi na kila mtu akausifu, na Ngari akatafuna jani moja la miraa kwa ajili ya amani.

Arusi ilifungwa, na sitaielezea, maana arusi zote hufanana. Jambo linalostahili kuelezwa ni lile la baadaye. Nyamu alijikusanya kwa kutengeneza simu za wanafunzi, na siku moja akanipigia kutoka soko la mifugo la upande wa kwao. Nilisikia kelele za soko na pumzi za mnyama karibu na simu. Aliniambia amemshika mtamba sikio, na kwamba hatamlipia mwenye ng'ombe kabla sijasikia nambari. Kailemia alikuwa kwangu siku hiyo, amekuja kuchukua miraa. Nyamu akasoma: 33554432.

Nilimwambia asikate simu. Nikachukua chaki nikaenda kwenye tangi. Niliikata katikati, ikakatika. Nikaikata tena, ikakatika. Haikukutana na ukaidi wowote, ilishuka ngazi zote mpaka ikafika mbili, ikafika moja. Nilipoiona moja sikuhitaji kujumlisha, lakini nilijumlisha, kwa sababu Kailemia alikuwa ananitazama. Moja, mbili, nne, nane, hadi ile nusu ya mwisho. Jibu lilikuwa 33,554,431.

Kailemia alikuwa amemaliza zake. "Ishirini na tisa," akasema, kama mtu aliyetua mzigo. Kisha akasogea kwenye jumla yangu, akailinganisha na nambari ya juu, tarakimu kwa tarakimu.

"Imepungua moja," akasema.

"Imepungua moja," nikamwambia. "Na ukikusanya leo au kesho, itapungua hiyo hiyo moja."

Simu ilikuwa bado inapumua. Nyamu aliuliza, "Babu, nimlete au nitafute mwingine?"

Nilimwambia amlete. Nilipogeuka kumpa Kailemia chaki ili aandike na yake ishirini na tisa, hakuwapo tena kwenye tangi. Alikuwa kwenye zizi, ameomba grisi ya boda boda aliyemleta, na alikuwa anakipaka kipingo.